Ralph Teetor: Asiyeona Aliyelifundisha Gari Kushika Mwendo

Safu hii ya maisha ya watu imezoea wanasiasa na washairi, na sisi wa uhandisi huwa tunaisoma kama wageni. Safari hii nimeomba nafasi nilete mtu wa kwetu, mtu wa spana na grisi. Anaitwa Ralph Teetor, Mmarekani wa jimbo la Indiana, aliyezaliwa tarehe 17 Agosti 1890 na kufariki Februari 1982 akiwa na miaka 91. Yeye ndiye aliyebuni kifaa kinacholifanya gari lishike mwendo mmoja bila dereva kuendelea kukanyaga mafuta. Jina lake kamili tunaweza kuliandika kruzi kontroli. Gerejini wanasema kruzi, basi.

Kwa ambaye hajawahi kukiona, kazi yake ni hii. Uko barabara kuu, umefika kilomita 80 kwa saa na ungependa kubaki hapo. Unabonyeza swichi, unaondoa mguu kwenye eksileta, na gari linaendelea lenyewe. Mlima ukija linajiongezea mafuta, mteremko ukija linajipunguzia. Siku zote usukani ni wako na macho ni yako. Ukigusa breki tu, kifaa kinaachia na gari linarudi mikononi mwako.

Sasa kilichonifanya nishike kalamu ni hiki: aliyekibuni kifaa hicho alikuwa haoni. Macho yake yote mawili yalikufa akiwa mtoto. Hakuwahi kuona mshale wa spidi ukipanda na kushuka. Na kazi yake leo imo ndani ya mamilioni ya magari duniani.

Nilikutana na jina lake nikiwa field mwaka wa pili, kwenye gereji moja hapa Dar es Salaam. Kazi iliyoletwa ilikuwa kufunga kruzi kwenye gari ambalo halikutoka nayo kiwandani. Nilikuwa mshika tochi na mpitisha spana, na kama mwanafunzi yeyote wa field niliuliza maswali mengi kuliko waliyotaka kuyajibu. Nilipouliza kifaa hiki alikianzisha nani, fundi mkuu akasema Wajapani. Jioni nikatafuta, nikamkuta Teetor, na tangu siku hiyo sijamwacha.

Kisu na droo

Teetor alizaliwa Hagerstown, mji mdogo wa Indiana, katika ukoo wa mafundi watupu. Ami yake, Charles, alikuwa amebuni kigari chepesi kinachokanyagwa kama baiskeli juu ya reli, ambacho wakaguzi walikitumia kupita wakiangalia njia ya treni. Kutokana na kigari hicho ukoo ukaanzisha kiwanda, na watoto wa ukoo wakakulia kati ya mashine, vyuma na mafuta.

Akiwa na miaka 5 Ralph alikuwa anahangaika na droo iliyokwama. Akaichokoa kwa kisu, kisu kikateleza, kikamchoma jicho. Jicho hilo likapotea. Madaktari wanaijua hali inayoweza kufuata ajali ya namna hii: jicho moja likijeruhiwa vibaya, kinga ya mwili inaweza kuligeukia na lile zima. Ndivyo ilivyomtokea. Baada ya mwaka hivi la pili nalo likazima.

Hapa ndipo maisha ya watoto wengi yangeishia kwenye kiti cha uvunguni mwa dirisha. Wazazi wake waliamua vingine. Walimlea kama mtoto mwingine yeyote wa Hagerstown: akaenda shule ya palepale mjini pamoja na wenzake, akaendelea kuingia karakana ya ukoo, akaendelea kushika zana. Hawakumficha chuma eti kwa sababu chuma ndicho kilichomuumiza. Mtoto akazijua mashine kwa vidole, kwa sauti na kwa mtetemo.

Alipofika miaka 12, yaani 1902, akatengeneza gari pamoja na binamu yake. Tusisome sentensi hiyo haraka. Mwaka 1902 Henry Ford alikuwa bado hajaanzisha Ford Motor Company, ambayo ilikuja 1903. Magari yenyewe yalikuwa kitu cha kukimbiliwa na watoto njiani. Na huku, katika mji mdogo, watoto wawili, mmoja haoni, wanafunga injini kwenye fremu na gari linatembea.

Binamu aliyesoma kwa sauti

Alipomaliza sekondari alitaka kusoma uhandisi wa mitambo chuo kikuu. Vyuo vikamkataa. Ukifikiria kwa akili ya ofisini, unaweza hata kuona walivyofikiri: michoro ya uhandisi ataisomaje? Mizani ya maabara ataitazamaje? Mashine ya kukereza ataikaribiaje bila kukatwa vidole? Maswali yote hayo alikuwa ameshayajibu kwa mikono akiwa mtoto, lakini hakuna fomu ya maombi yenye nafasi ya kuandika majibu ya namna hiyo.

Mlango ulifunguliwa na mtu. Binamu yake, Neva Deardorff, alikuwa anasoma Chuo Kikuu cha Pennsylvania, mjini Philadelphia. Yeye ndiye aliyemsaidia akapokelewa pale, na yeye ndiye aliyekaa naye akimsomea vitabu kwa sauti. Ralph alisikiliza, akaweka kichwani, akafanya hesabu zake, na mwaka 1912 akahitimu uhandisi wa mitambo. Mwaka 1930 chuo hichohicho kikamtunuku shahada ya uzamili.

Naomba tukae hapa kidogo, maana hapa ndipo maisha ya Teetor yanapogusana na ya kwetu. Masimulizi mengi ya mtu kama huyu husema alikuwa na kipaji, alikuwa na moyo, basi. Kipaji alikuwa nacho, hakuna ubishi. Lakini toa Neva katika habari hii uone kinachobaki. Kinabaki kijana mwenye akili nyingi amekaa Hagerstown na barua za kukataliwa. Neva hakumpa Ralph akili, ila alimpa macho kwa saa kadhaa, tena akiwa na masomo yake mwenyewe ya kuhangaikia.

Hosteli ninayokaa, chumba cha jirani yuko mwenzetu asiyeona. Anasoma sheria, mwaka wa tatu, na anaisoma vizuri. Lakini ukikaa naye usiku umeme ukikatika, wakati sisi tunatafuta tochi na yeye anaendelea na mambo yake, atakwambia sheria haikuwa chaguo lake la kwanza. Alitaka mitambo. Shuleni alikosoma hesabu ziliandikwa ubaoni, na hakukuwa na mtu wa kumwambia ubaoni pameandikwa nini. Hakufeli hisabati: aliondolewa. Kuna tofauti kubwa kati ya maneno hayo mawili, na matokeo ya mtihani hayaionyeshi.

Rota inayotetemeka

Vita Kuu ya Kwanza ilipopamba moto, Teetor alikwenda kufanya kazi Camden, New Jersey, kwenye kiwanda cha meli cha New York Shipbuilding. Kulikuwa na tatizo la mitambo ya mvuke ya manowari za kivita ziitwazo distroya. Ndani ya mtambo wa mvuke kuna rota, yaani mhimili mzito wenye mapanga mengi unaozunguka kwa kasi kubwa. Rota ikiwa nzito upande mmoja hata kidogo tu, mzunguko unaugeuza uzito huo kuwa nguvu inayovuta huku na huku, mtambo unatetemeka, beringi zinaumia, na mwisho kitu kinavunjika baharini. Mnaokumbuka gurudumu lisilo na balansi linavyotikisa usukani ukifika mwendo fulani, ni jambo lilelile.

Kusawazisha rota kunataka ujue sehemu nzito iko wapi. Mtetemo ndio unaokwambia. Na mtetemo, wanajumuiya, hauonekani vizuri kwa macho. Unasikika mkononi. Teetor alitafuta namna ya kusawazisha rota hizo zikiwa zinazunguka, na kazi hiyo ikamjengea jina kwa wahandisi ambao wasingemuita kwa kumhurumia. Wakati wa vita hakuna anayekupa manowari kwa huruma.

Ringi za pistoni

Baada ya vita alirudi nyumbani. Kampuni ya ukoo ilikuwa imeachana na injini na kuingia kwenye ringi za pistoni, na baadaye ikajulikana kwa jina la Perfect Circle, yaani duara kamili. Jina zuri kwa kiwanda cha ringi. Ringi ni kile kipete cha chuma kinachokaa kwenye mfereji wa pistoni, kikizuia moto wa juu usishuke na oili ya chini isipande. Ukiona gari linafuka moshi wa bluu na fundi akasema ringi zimekufa, anazungumzia kazi aliyoifanya Teetor miaka mingi ya maisha yake.

Alikuwa mhandisi mkuu wa kampuni hiyo, na mwaka 1946 akawa rais wake. Kabla ya hapo, mwaka 1936, wahandisi wa magari wa Marekani walimchagua kuwa rais wa chama chao, SAE. Alimuoa Nellie, wakapata binti, Marjorie, ambaye ndiye aliyekuja kuandika kitabu cha maisha ya baba yake. Hayo nayapita haraka si kwa sababu ni madogo, ila safari yetu leo inaelekea kwenye kanyagio la mafuta.

Wakili mwenye mazungumzo

Teetor alisafiri kwa gari kama abiria, na abiria asiyeona anajua udereva wa mtu kwa mgongo wake. Wakili wake wa hataza, Harry Lindsay, alikuwa na tabia moja. Akiwa anaongea, mguu unalegea na gari linapungua mwendo. Akinyamaza kusikiliza, mguu unakandamiza na gari linaongeza. Ongea, punguza, sikiliza, ongeza. Lindsay mwenyewe alikuwa anaangalia barabara, hakuwa na habari. Teetor alikuwa anavutwa mbele na kusukumwa nyuma safari nzima, na kichwani akawa anajiuliza kwa nini mwendo wa gari utegemee mazungumzo.

Yule jirani yangu wa hosteli ana kipaji hichohicho. Tulipanda basi moja kwenda Morogoro, tumekaa viti vya nyuma, dereva hatumwoni. Tulipovuka Chalinze akaniambia dereva yuko kwenye simu. Nikamuuliza umejuaje. Akasema mwendo unashuka polepole halafu unastuka kurudi juu, kama mtu anayesahau na kukumbuka. Mimi niliyesoma dainamiki semesta mbili nilikuwa naangalia mikonge dirishani.

Jambo la pili lililomsukuma Teetor lilikuwa vita tena. Wakati wa Vita Kuu ya Pili, ili kuokoa mpira wa matairi na mafuta, Marekani iliweka ukomo wa mwendo wa maili 35 kwa saa, kama kilomita 56. Madereva wengi walishindwa kukaa hapo, mguu unasahau. Kumbe tatizo la Lindsay lilikuwa tatizo la nchi nzima. Sisi tunalifahamu: mabasi yetu yana ukomo wa kilomita 80 kwa saa na bado tunajua yanavyokimbia askari akiwa hayupo.

Teetor aliomba hataza mwaka 1945, na akaipata tarehe 22 Agosti 1950. Kifaa chake cha mwanzo hakikuliendesha gari. Dereva alichagua mwendo kwa kuzungusha kitufe kwenye dashibodi. Ndani kulikuwa na vijiwe vya chuma vinavyozungushwa na mwendo wa gari, na kadiri gari linavyoongeza kasi ndivyo vijiwe vilivyotanuka kuelekea nje. Vikifika kiasi kilichochaguliwa vinafungua njia ya hewa, na mvuto wa hewa kutoka kwenye injini unavuta pistoni ndogo, nayo inalisukuma kanyagio lirudi juu. Yaani ukizidisha mwendo, kanyagio linakuwa gumu chini ya mguu. Ukiwa na dharura unaweza kulikandamiza likapita. Kifaa kilikuwa kinazungumza na dereva kupitia unyayo, siyo kupitia macho. Ukimjua aliyekibuni, hilo halikushangazi.

Baadaye ikaongezwa sumaku ya umeme iliyoshikilia mwendo pale ulipo, hata mguu ukiondolewa, mpaka breki iguswe. Hapo ndipo kruzi tunayoijua ilipozaliwa. Kilijaribiwa kwa majina mengi: Controlmatic, Touchomatic, Pressomatic, mwisho Speedostat. Mwaka 1958 Chrysler ikakiweka kwenye magari yake ya kifahari, Imperial, New Yorker na Windsor, ikikiita Auto-pilot. Mwaka uliofuata Cadillac nayo ikakichukua, na jina la Cruise Control walilolichagua wao ndilo lililobaki. Jina la Teetor halikubaki popote kwenye dashibodi.

Kifaa hichohicho gerejini

Tangu kampuni ya Dana ilipoinunua Perfect Circle mwaka 1963, biashara iliendelea, na kruzi za kununua pembeni na kufungwa kwenye gari lililokwisha tumika zikawa kitu cha kawaida. Ile niliyoikuta field ilikuwa ya aina hiyo: boksi lenye vifaa, waya za rangi, na karatasi ya maelekezo. Gari lilikuwa Toyota Hilux ya zamani ya petroli, eksileta ya waya, gia za mkono. Mwenye gari alikuwa anakwenda Mbeya mara kwa mara na goti la kulia lilikuwa linamsumbua. Nitaeleza ilivyofungwa, maana ukishaijua habari ya Teetor unakuta kila kipande kwenye boksi ni kitukuu cha kipande chake.

Cha kwanza ni kihisi cha mwendo. Kwa Teetor vilikuwa vile vijiwe vinavyotanuka. Kwetu ilikuwa sumaku mbili zilizofungwa kwenye propela shafti kwa mkanda, na koili ndogo iliyokaa karibu nazo bila kugusana. Kila sumaku ikipita, koili inatoa mshtuko mdogo wa umeme. Kisanduku cha kompyuta kinahesabu mishtuko hiyo na kujua gari linakwenda kasi gani. Sumaku zifungwe pande mbili zinazotazamana, la sivyo umeongeza uzito upande mmoja wa shafti na umeanzisha ugonjwa uleule wa rota za Camden.

Cha pili ni mkono wenyewe, unaoitwa servo. Ni kopo lenye ngozi ya mpira ndani. Mpira mwembamba unatoka kwenye manifodi ya kuingiza hewa, ambako injini inavuta kama mtu anayenyonya soda kwa mrija, na mvuto huo unaivuta ngozi, ngozi inavuta kebo, kebo inavuta eksileta. Njiani inawekwa valvu inayoruhusu hewa upande mmoja tu. Sababu yake ni hii: ukipanda mlima na eksileta imefunguka sana, mvuto wa manifodi unapungua, na hapo ndipo servo inapouhitaji zaidi. Valvu inazuia uliokwisha pata usirudi. Hata hivyo mlima kama Kitonga si mahali pa kruzi. Pale uzima, uendeshe kwa mguu na akili.

Kebo ya servo inaungwa kwenye eksileta ikiwa na ulegevu kidogo. Kidogo tu. Ikikazwa, eksileta haifungi hadi mwisho na injini itaunguruma hata gari likiwa limesimama. Ikilegezwa mno, servo inavuta hewa tupu kabla ya kuanza kazi, na gari linapungua mwendo kila ukibonyeza kushikilia. Fundi mkuu aliipima kwa kuikanyaga eksileta mara kumi injini ikiwa imezimwa, akisikiliza inavyorudi. Alikuwa amefumba macho. Nilimtazama nikamkumbuka mtu ambaye wakati huo nilikuwa sijamjua bado kwa jina.

Cha tatu, na hiki ndicho roho ya kazi yote, ni waya wa breki. Kisanduku lazima kijue mguu umegusa breki papo hapo. Kwenye vifaa vingi vya kununua kinajua kwa kupitia waya wa taa za breki: ukikanyaga, umeme unaingia, kruzi inaachia na hewa inarudi ndani ya kopo. Lakini vingi vya vifaa hivyo vinategemea pia kwamba balbu za breki ni zile za waya wa kuungua, maana usipokanyaga kisanduku kinapata njia ya kwenda bodi kupitia balbu hizo. Ukiwa umebadilisha taa zote za nyuma ukaweka LED, njia hiyo haipo, na kruzi inaweza kukataa kuwaka kabisa. Watu wanabadilisha kompyuta mbili, tatu, kumbe ni balbu.

Kwa gari la gia za mkono kuna cha nne, swichi ya klachi. Ukikanyaga klachi kruzi ikiwa inashika, injini inapoteza mzigo ghafla wakati servo bado inavuta, na itapiga kelele kama inataka kutoka kwenye boneti. Swichi ya klachi inaikata kabla.

Kisha jaribio. Kruzi nyingi hazishiki chini ya kilomita 40 hivi kwa saa, kwa hiyo tulitoka mpaka barabara iliyo tupu asubuhi. Kitu cha kwanza kujaribiwa hakikuwa kushika, kilikuwa kuachia: kwa breki, kwa klachi, kwa swichi ya kuzima. Mara tatu kila kimoja. Ndipo mwenye gari akakabidhiwa, pamoja na maneno ya kwamba mvua ikinyesha na lami ikiteleza azime, na kwenye foleni asiiguse kabisa. Kifaa kinashika mwendo tu, hakioni lililo mbele. Hilo nalo ni la kukumbuka.

Kilichobaki

Mwaka 1973 mafuta yalipoadimika duniani na mwaka uliofuata Marekani ikaweka ukomo wa maili 55 kwa saa, kruzi iliacha kuwa anasa ya matajiri. Mwendo usiopandapanda unakula mafuta kidogo, na watu wakaitaka. Teetor alikuwa hai kuyaona hayo, niseme kuyasikia. Alikuwa ametoa fedha kwa SAE ya kuanzisha tuzo ya walimu vijana wa uhandisi, ambayo ina jina lake mpaka leo. Alifariki Hagerstown, na mwaka 1988 akaingizwa katika orodha ya watu mashuhuri wa magari ya Marekani, Automotive Hall of Fame.

Ninachokichukua mimi kwake si kwamba asiyeona anaweza kila kitu. Hakuna anayeweza kila kitu. Ninachokichukua ni kwamba uhandisi una milango mingi kuliko ule mmoja wa macho, na kwamba kero iliyozaa kruzi iliwapita mamilioni ya madereva wanaoona, kwa sababu wao ndio waliokuwa wanaisababisha. Tukichuja watu mlangoni kwa kigezo cha nani anaona ubao, tunachuja pia maswali ambayo sisi wengine hatutayauliza kamwe. Teetor alipita kwa sababu nyumbani hawakumnyang'anya zana, na chuoni kulikuwa na mtu mmoja mwenye kitabu na sauti.

Na suala hili kwetu si la historia. Jirani yangu ana mdogo wake wa kike, naye haoni, yuko kidato cha tatu. Anapenda fizikia. Shuleni ameambiwa aiache, achukue masomo yasiyo na michoro. Bado hajaiacha. Muda uliobaki kabla ya majina ya mtihani kupelekwa ni muhula mmoja.

Tumeanza kumrekodia kitabu cha fizikia kwa simu, sura kwa sura, na kila mchoro tunaueleza kwa maneno, halafu tunautengeneza kwa waya na gundi juu ya kadibodi ili aupitie kwa vidole. Tuko watatu, na kitabu ni kinene. Naiomba serikali yetu ya wanafunzi ifungue orodha ya wasomaji, kwa wenzetu waliopo chuoni na kwa wanaokuja, maana saa moja kwa wiki haimdiskoishi mtu. Wakati orodha hiyo inasubiriwa, sisi tupo vimbwetani kila Jumamosi kuanzia saa 3 asubuhi. Tumefika kwenye sumaku-umeme. Njoo na simu yenye chaji, na kama unajua kuchora, njoo na koleo.